Nalanda au Vaishali? Wilaya mbili za Bihar kwa anayefuata nyayo za Budha na Mahavira

Watu wetu wengi huenda India kwa matibabu, masomo au biashara, na wengi hurudi wakiwa wameona Taj Mahal na maduka ya Delhi, basi. Anayetaka kufika kule ambako Budha na Mahavira, mwalimu mkuu wa dini ya Ujaini, walitembea kwa miguu yapata miaka 2,500 iliyopita atajikuta katika jimbo la Bihar. Akishuka Patna, mji mkuu wa jimbo hilo, atakuwa na swali moja la kuamua: avuke mto Ganga au asivuke?

Kaskazini ya mto kuna wilaya ya Vaishali. Kusini kuna wilaya ya Nalanda. Zote mbili ziliundwa mwaka 1972, Nalanda ikimegwa kutoka Patna na Vaishali kutoka Muzaffarpur. Zote hupokea mahujaji wa Kibudha kutoka Japani, Thailand na Sri Lanka, na Wajaini kutoka Gujarat na Rajasthan. Mawakala wa safari huziuza kama pacha, nusu siku hapa na nusu siku kule. Kwa maoni yangu huko ni kuharibu pesa.

Nitoe jibu mapema, kisha nieleze. Kama hii ni mara yako ya kwanza na una siku mbili au zaidi, nenda Nalanda na ulale Rajgir. Kama una siku moja tu na umefikia Patna, usihangaike na Nalanda. Vuka daraja uende Vaishali.

Majirani waliopigana

Kabla ya barabara na nauli, inafaa kujua kwamba pande hizi mbili zilikuwa mahasimu. Rajgir, mji uliomo Nalanda, ndiyo Rajagriha ya kale, makao ya wafalme wa Magadha: Bimbisara, kisha mwanawe Ajatashatru, aliyemtia baba yake gerezani hadi akafia humo. Vaishali haikuwa na mfalme wa aina hiyo. Ilitawaliwa na baraza la Walicchavi, ukoo mkubwa katika shirikisho la Wavajji. Masimulizi ya kale yanasema walikuwa na watawala 7,707. Sidhani kama kuna mtu aliyewahesabu, ila unapata picha ya mji wa vikao na mabishano.

Ajatashatru aliitamani Vaishali. Maandiko ya Kibudha yanasimulia kwamba alimtuma waziri wake, Vassakara, apande Gridhrakuta, yaani Kilele cha Tumbusi, akamweleze Budha nia yake ya kuwapiga Wavajji na kusikia atasemaje. Budha hakumjibu waziri moja kwa moja. Alimgeukia mwanafunzi wake Ananda na kumuuliza: je, Wavajji bado wanakutana mara kwa mara? Wanaanza kikao pamoja na kumaliza pamoja? Wanawasikiliza wazee wao? Wanaacha kuwateka wanawake kwa nguvu? Ananda akajibu ndiyo kwa kila swali. Basi, akasema Budha, maadamu wanayashika hayo watastawi, hawatapungua. Waziri akaelewa kwamba watu hawa hawapatikani kwa mikuki, labda kwa fitina. Akaenda kuipanda, na baada ya miaka michache Vaishali ikaanguka.

Wajaini wanaongeza chumvi kwenye kidonda: katika mapokeo yao, mama yake Ajatashatru alikuwa binti wa Chetaka, kiongozi wa Vaishali. Mtu alivamia wajomba zake.

Wakati wa ugomvi huo, mawaziri wa Magadha walikuwa wakijenga ngome kwenye kijiji cha Pataligama, ukingoni mwa Ganga, ili kuwazuia Wavajji. Kijiji hicho ndicho Patna ya leo. Mji unaoanzia safari ulizaliwa na vita vya wilaya hizi mbili.

Nalanda: matofali, milima na maji ya moto

Makao makuu ya wilaya ni Bihar Sharif, na mgeni hana haja ya kulala pale. Vituo vyake ni vinne: magofu ya Nalanda, Rajgir, Pawapuri na Kundalpur.

Magofu ndiyo yanayovuta watu. Hapa palikuwa na makao makubwa ya watawa na ya elimu, yaliyoanzishwa karne ya 5 chini ya mfalme Kumaragupta I wa nasaba ya Gupta, yakadumu miaka kama 700. Mtawa wa China, Xuanzang, alisoma hapa karne ya 7 kwa mwalimu Shilabhadra. Aliacha maelezo yanayowafurahisha wanafunzi wa kila zama: mlinzi wa lango alikuwa msomi, aliwahoji waliotaka kuingia, na kati ya kumi, saba au nane walirudi walikotoka. Mchina mwingine, Yijing, alikaa miaka kama kumi. Hati ya shaba ya karne ya 9 inaonyesha mfalme Devapala akitoa mapato ya vijiji vitano kugharimia makao ya watawa yaliyojengwa hapa na Balaputradeva, mfalme kutoka visiwa vya Indonesia ya leo. Sifa za Nalanda zilikuwa zimeshavuka bahari.

Karibu mwaka 1200 majeshi ya Bakhtiyar Khalji yalipita Bihar na kuvunja makao ya watawa. Wengi huishia hapo wakisema Nalanda ilikufa siku hiyo. Lakini Mtibeti Dharmasvamin alifika miaka ya 1230 akamkuta mzee Rahula Shribhadra, mwenye umri uliopita miaka 90, bado anafundisha wanafunzi kama 70 katikati ya majengo yaliyobomoka. Mimi nikifikiria Nalanda humfikiria mzee huyo kabla ya maelfu ya wanafunzi wanaotajwa kwenye mabango ya utalii.

Sehemu iliyofukuliwa ina urefu wa mita 488 hivi na upana wa mita 244. Ina makao 11 ya watawa yaliyopangwa kwa safu na mahekalu sita ya matofali mekundu. Tangu mwaka 2016 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Unaingia ndani ya vyumba vyenyewe: ua katikati, kisima, vyumba vidogo pande zote nne, na vishubaka ukutani vya kuwekea taa na vitabu. Hekalu namba 3, lile refu lenye ngazi, lilijengwa juu ya lenyewe mara saba, na ukielekezwa unaona tabaka moja likichungulia chini ya jingine. Hapo nasisitiza: lipia mwongozaji. Bila yeye, baada ya nusu saa utaona matofali tu. Makumbusho yaliyo ng'ambo ya barabara hufungwa Ijumaa, kwa hiyo usipange Ijumaa, maana sanamu bora za shaba na mawe zilizofukuliwa zimo humo.

Kilomita kama 12 kusini kuna Rajgir, na Rajgir ni ulimwengu mwingine. Ni bonde lililozungukwa na milima mitano, na juu ya milima hiyo kuna mabaki ya ukuta wa mawe makubwa yaliyopangwa bila chokaa, wenye mzunguko wa kilomita zipatazo 40. Ukuta huu ni wa kale kuliko Nalanda kwa karne nyingi, ila watalii wengi huupita wakitazama simu.

Kwenye mlima Ratnagiri kuna stupa (kuba la ukumbusho la Kibudha) nyeupe ya amani iliyojengwa na Wajapani wa mtawa Nichidatsu Fujii na kuzinduliwa mwaka 1969. Kupanda kuna njia tatu. Ya kwanza ni miguu. Ya pili ni viti vya zamani vya mtu mmojammoja vinavyoning'inia kwenye waya: kiti hakisimami, kinakuja nyuma yako nawe unakaa kikiwa kinatembea, kisha unaning'inia juu ya msitu bila sakafu. Vijana hukipenda. Mwenye mama mzee au mtoto achague njia ya tatu, vyumba vipya vilivyofungwa vinavyobeba watu wanane. Ukiwa juu, usirudi mara moja. Shuka kwa miguu hadi Gridhrakuta, kilele kile alichopanda Vassakara. Wabudha wa Asia ya Mashariki huona hapa ni mahali patakatifu kupita kiasi, kwa kuwa ndipo Budha anapoaminika kufundisha Sutra ya Yungiyungi, andiko wanaloliheshimu sana. Nenda alfajiri, ikifika saa tatu asubuhi kelele za wageni wa matembezi zinakuwa zimepanda hadi huko.

Chini ya mlima Vaibhara kuna chemchemi za maji moto za Brahmakund, ambako Wahindu huja kuoga kwa ibada. Juu zaidi kuna pango la Saptaparni, panaposemekana watawa 500 walikutana baada ya kifo cha Budha kuyathibitisha mafundisho yake. Mapango ya Son Bhandar ni ya Wajaini, na maandishi ukutani yanamtaja mtawa wao Vairadeva. Daraja la vioo lililofunguliwa mwaka 2021 siwezi kukushauri uliache, maana vijana watakuburuta tu, ila halina uhusiano na Budha wala Mahavira.

Vaishali: nguzo moja kwenye mashamba

Vaishali haina wingi huo. Nchi ni tambarare, mashamba ya ndizi, maembe na ngano, na vitu vya kale vimetawanyika kati ya vijiji. Anayetaka magofu makubwa ya kupiga picha atasononeka.

Lakini ina nguzo. Mahali paitwapo Kolhua imesimama nguzo ya jiwe lililong'arishwa, inayohusishwa na mfalme Ashoka wa karne ya 3 KK, na juu yake kaketi simba mmoja. Nguzo nyingi za Ashoka zilianguka, zikavunjika au zikahamishwa. Hii bado iko ilipo pamoja na simba wake. Anatazama kaskazini, upande alioelekea Budha katika safari yake ya mwisho kwenda Kushinagar, alikofariki. Kando yake kuna stupa ya matofali na bwawa ambalo Wabudha wanalihusisha na nyani aliyemletea Budha asali. Tukio hilo ni moja kati ya manane makubwa ya maisha yake yanayochongwa kwenye sanamu za kale, na Rajgir nayo ina lake katika orodha hiyohiyo: tembo mwenye hasira aliyetulizwa. Jambo moja la kuchekesha ni kwamba Kolhua kiserikali iko wilaya ya Muzaffarpur, hatua chache kuvuka mpaka. Kinachowapeleka watu Vaishali kiko kwa jirani.

Upande wa pili, karibu na bwawa la kale ambalo watawala wa Kilicchavi walitawazwa kwa maji yake, kuna msingi wa stupa ndogo ya udongo. Wanaakiolojia waliifukua kati ya mwaka 1958 na 1962 wakakuta kijaluba cha jiwe chenye majivu, kinachoaminika kuwa sehemu ya masalio ya Budha waliyogawiwa Walicchavi. Kwa miongo mingi kijaluba hicho kilikuwa Patna. Mwaka 2025 kilirudishwa Vaishali, kwenye jengo jipya la ukumbusho lenye makumbusho yake, na hilo limebadilisha hesabu. Zamani ningemwambia mtu Vaishali ni saa mbili za kutazama. Sasa ni siku nzima.

Kwa wanawake wasafiri, Vaishali ina jambo ambalo Nalanda haina. Mahaprajapati, mama mdogo aliyemlea Budha, alifika huku miguu ikiwa imevimba, pamoja na wanawake wenzake, akiomba nao waruhusiwe kuwa watawa. Alikataliwa, Ananda akawaombea, hatimaye wakakubaliwa. Na Amrapali, mwanamke mashuhuri wa mji huu aliyewaburudisha wakuu, alimkaribisha Budha chakula. Vijana wa Kilicchavi walimwahidi mali nyingi awaachie wao nafasi hiyo, akakataa, kisha akawapa watawa shamba lake la miembe.

Mahavira alizaliwa wapi?

Hapa ndipo wilaya hizi zinagombana hadi leo. Wasomi wengi wanasema Mahavira, wa 24 na wa mwisho katika safu ya Watirthankara, walimu wakuu wa Wajaini, alizaliwa kwenye kiunga cha Vaishali. Huonyeshwa Basokund, uwanja ambao wanakijiji wanasemekana kutoulima kizazi hadi kizazi kwa heshima yake. Rais Rajendra Prasad aliweka jiwe la msingi la ukumbusho huko mwaka 1956. Lakini Wajaini wengi wa madhehebu ya Digambara huenda Kundalpur, karibu na magofu ya Nalanda, ambako mahekalu mapya yalijengwa miaka ya mwanzo ya 2000. Nao wengi wa dhehebu la pili, Wasvetambara, huelekea Lachhuar, wilaya ya Jamui, mbali na zote mbili. Mgeni asijaribu kuwa hakimu.

Kalpa Sutra, andiko la Wasvetambara, linahesabu misimu ya mvua aliyotulia Mahavira: 12 Vaishali na kijiji jirani, 14 Rajagriha na Nalanda. Hesabu imekaribiana. Kinachoipa Nalanda ushindi ni Pawapuri, mahali ambapo Wajaini wanaamini alifariki mwaka 527 KK. Hekalu dogo la marumaru nyeupe limesimama katikati ya bwawa lililojaa mayungiyungi, na unalifikia kwa daraja refu la mawe. Wanasimulia kwamba waliohudhuria maziko walikuwa wengi mno, kila mmoja akachota udongo kidogo wa mahali alipochomewa, hadi pakawa shimo, na shimo likawa bwawa. Usiku wa Diwali, wakati Wahindu wanawasha taa kwa sababu zao, Wajaini hufurika hapa kuadhimisha kifo hicho.

Aliyewahi kuingia hekalu jeupe la Wajaini pale Mombasa anazijua taratibu: viatu nje, mkanda na pochi za ngozi pia nje, na wanawake walio katika siku zao huombwa wasiingie. Kwenye nyumba za mahujaji utapewa chakula kisicho na nyama, mayai, vitunguu wala viazi, na cha jioni huliwa kabla jua halijazama. Usimkazie mtu macho. Njaa ya usiku itibu kwa khaja, kitafunwa kitamu cha matabaka kinachouzwa Silao, kati ya Nalanda na Rajgir.

Rajgir pia ina Veerayatan, kituo cha Wajaini cha miaka ya 1970 chenye hospitali ya macho na makumbusho ya maisha ya Watirthankara. Kiliongozwa na Chandana, mtawa wa kike aliyepewa cheo cha acharya, yaani kiongozi wa watawa, mwaka 1987, mwanamke wa kwanza kukipata. Ukitaka kuona Ujaini unaofanya kazi leo, nenda huko.

Njia, malazi na msimu

Vaishali iko kilomita 55 hadi 60 kutoka Patna, kupitia daraja la Mahatma Gandhi Setu na mji wa Hajipur. Ukikodi gari, ukaondoka mapema, jioni umerudi. Usafiri wa umma upo ila unakushusha mbali na vituo, nawe utahitaji bajaji ya kukuzungusha kwa nusu siku. Patana bei ya mzunguko wote kabla ya kupanda. Hoteli ni chache.

Nalanda iko kilomita kama 90, Rajgir kama 100. Kutoka Delhi hulazimiki kushuka Patna: treni ya Shramjeevi Express huishia Rajgir. Hoteli zipo za kila mfuko, na usafiri wa kwenda magofuni ni rahisi. Kwenda na kurudi Patna siku moja ukitaka magofu, Rajgir na Pawapuri kwa pamoja, utatumia siku kuangalia kisogo cha dereva.

Bihar imepiga marufuku pombe tangu Aprili 2016, kwa mgeni na mwenyeji, hata chupa ya begi. Nenda kati ya Oktoba na Machi. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40. Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni kwa saa nyingi, hivyo usiweke ndege ya kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kila baada ya miaka mitatu hivi, mwezi wa nyongeza wa kalenda ya Kihindu huleta umati mkubwa Rajgir kwa ajili ya chemchemi. Uliza kabla ya kulipia chumba.

Safari inayofuata nayo ina sauti. Kama kituo chako kinachofuata ni Bodh Gaya, Budha alikopata mwangaza, Rajgir iko njiani na Vaishali inakurudisha nyuma. Kama unaelekea Kushinagar na Lumbini, alikozaliwa, mambo yanageuka: Vaishali iko njiani, nawe unapita kama alivyopita Budha. Mwenye siku tatu na hamu ya zote aanze na Rajgir usiku mbili, kisha Vaishali asubuhi ya tatu kupitia Patna, akitoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri ili avuke daraja kabla malori hayajaanza foleni.